RANGI MPYA SI MASHINE MPYA

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini siku hizi kibaya nacho kimejifunza kujiuza. Kinapakwa rangi, kinapangwa mezani, na mnunuzi anakipapia kama kizuri. Nazungumzia mashine kuukuu za useremala, yaani keekee za umeme, misumeno, randa na mashine za kulainisha mbao. Mashine hizi hununuliwa zikiwa zimekufa, zikafufuliwa na kuuzwa tena.

Sina nia ya kuidharau kazi hii. La hasha! Wakati wa likizo mimi humsaidia mjomba wangu kibandani mwake Gikomba, na najua kwamba seremala wengi wasingeanza maisha bila mashine ya mtumba. Ninachopinga ni jinsi bei inavyopangwa. Wauzaji wengi hutazama sura ya mashine na sura ya mnunuzi, kisha hutaja bei. Maoni yangu ni haya: bei itokane na kazi iliyofanywa ndani ya mashine, na mnunuzi aambiwe kazi hiyo ni ipi.

Kwanza tujiulize, kufufua mashine ni kufanya nini? Mara nyingi mashine iliyokufa haina ugonjwa mkubwa. Huenda waya umekatika karibu na mkono, au swichi imejaa vumbi la mbao, au kaboni zimekwisha. Kaboni ni vile vipande viwili vidogo vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ndani ya mota, ambayo mafundi huiita amecha. Kaboni huisha kama sabuni, na kuzibadilisha si gharama kubwa. Beringi zikilia, nazo hubadilishwa. Lakini amecha ikiungua, hapo pana kazi! Lazima isukwe upya kwa waya wa shaba, na pengine gharama hiyo inapita thamani ya mashine yenyewe.

Sasa tupige hesabu. Tuseme fundi amenunua msumeno uliokufa kwa shilingi 2,500. Kaboni ni 200, beringi mbili 300, waya na plagi 400. Jumla ni 3,400. Amefanya kazi saa 4, na kila saa aihesabu kwa shilingi 200, basi tumefika 4,200. Wengi huishia hapo, kumbe kuna gharama nyingine iliyojificha. Katika mashine 5 za bei hiyo alizonunua, tuseme moja imekataa kabisa kufufuka. Zile 2,500 zake lazima zibebwe na nne zilizobaki, kila moja 625. Sasa ni 4,825. Akiuza 5,500 amepata faida ya 675 ya halali, wala hakuna wa kumlaumu. Ikiwa msumeno mpya wa aina hiyo unauzwa 9,000, mnunuzi naye ameokoa 3,500. Biashara haigombi.

Mwenzake aliyepaka rangi tu anaweza kuuza 4,500 na kumnyang'anya wateja. Hapa ndipo wengine watanipinga. Watasema, "Wewe kijana, Mkenya anaangalia bei tu, hayo ya beringi hayamhusu!" Ni kweli kwamba wanunuzi wengi hawaulizi. Lakini hawaulizi kwa sababu hakuna aliyewaambia la kuuliza. Mashine isiyo na mzigo huimba vizuri hata kama ni mgonjwa. Mpe muuzaji kipande cha mbao ngumu, mwambie akate mbele yako, kisha uchungulie kwenye matundu ya mota. Cheche ndogo ndogo kwenye kaboni ni kawaida. Ukiona duara la moto likiizunguka amecha, au ukinusa harufu ya kuungua, funga pochi yako uende zako.

Isitoshe, jambo hili si la pesa peke yake, ni la uhai. Katika soko moja ambalo sitalitaja nimeona keekee ya zamani yenye mwili wa chuma ikiwekwa waya wa nyuzi mbili badala ya tatu. Ule uzi wa tatu, wa kijani na manjano, ndio unaopeleka umeme ardhini hitilafu ikitokea. Bila huo, hitilafu ikitokea umeme utapita kwa mwenye kuishika. Mashine zenye alama ya mraba ndani ya mraba hazihitaji uzi huo kwa sababu zimekingwa mara mbili, lakini ile haikuwa na alama hiyo. Muuzaji aliokoa shilingi chache tu! Nimeona pia msumeno ambao kinga yake ya chini imefungwa kwa waya isirudi kufunika meno. Vidole vya seremala ndivyo shamba lake. Akivipoteza atalima na nini?

Tena kuna mashine kutoka ng'ambo. Huko Uingereza, mashine nyingi za kazi za ujenzi hutumia volti 110, na plagi yake huwa ya manjano. Za Marekani ni volti 120. Umeme wetu ni volti 240. Mtu akikata plagi ile na kuweka yetu ya pini tatu bila transfoma, mashine itaungua kufumba na kufumbua. Bei ya transfoma ni sehemu ya bei ya mashine hiyo, na asiyeitaja anadanganya.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazozihitaji, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Sioni mahali iliposema haki hizo ni za wanaonunua madukani tu.

Kwa hivyo napendekeza jambo dogo. Kila mashine iliyofufuliwa ifungwe kikaratasi chenye mistari mitatu: kilichobadilishwa, kisichobadilishwa, na muda ambao muuzaji ataitengeneza bure ikiharibika. Hata mwezi mmoja unatosha. Muuzaji mwaminifu ataweza kutetea zile 5,500 zake, na yule wa rangi atakosa la kuandika. Walimu wetu wa useremala na wa biashara nao wangeshirikiana kutufundisha hesabu hii, kwa maana fundi asiyejua kupanga bei hula mtaji wake akidhani ni faida.

Nanyi wenzangu, baadhi yetu tutakuwa mafundi, na karibu sote tutakuwa wanunuzi. Ukiwa muuzaji, andika ulichofanya. Ukiwa mnunuzi, usisifu rangi. Omba bisibisi, mashine ifunguliwe uone ndani, kisha ndipo muanze kupatana bei.