Goti la Askari Mzee Lisipuuzwe



Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka waliolitetea. Ni jambo jema. Lakini sisi wauguzi tunaowahudumia wazee hapa Ikungi tungependa wakumbukwe pia walio hai, ambao vita bado inawauma magotini.

Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera Oktoba 1978, na Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Sehemu kubwa ya safari hiyo askari wetu na wanamgambo waliikata kwa miguu, wamebeba silaha na mizigo. Kijana wa miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70. Akiomba malipo ya ulemavu kwa ajili ya goti lililoumia kazini, anaweza kujibiwa: “Huo ni uzee tu.”

Kwa maoni yetu, jibu hilo halitoshi. Ndani ya goti mna gegedu linalozuia mifupa isisagane, na kano zinazolishika imara. Vitu hivi vikichanika, goti hulika polepole, na maumivu makali huweza kuja miaka 10, 20 au zaidi baadaye. Uzee una sehemu yake, ni kweli. Lakini miguu yote miwili ina umri mmoja. Kama goti lililoumia limechakaa kuliko lile jingine, hapo pana jambo la kuulizwa.

Basi, mzee aliyekataliwa asikate tamaa, akate rufaa. Kwanza asome barua ya kukataliwa: imetaja sababu gani, na muda wa rufaa ni upi? Atafute namba yake ya jeshi, jina la kikosi, vyeti vya zamani vya matibabu, na maelezo ya maandishi ya wenzake walioona alivyoumia. Abaki na nakala ya kila karatasi. Afisa ustawi wa jamii na ofisi ya mshauri wa mgambo wilayani waombwe ushauri. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kwetu watumishi wa afya, cheti kinachosema “magoti yanauma” hakimsaidii mtu. Kiandikwe goti lipi, liliumia lini na vipi, linakunjwa kwa nyuzi ngapi, na paja limekonda kiasi gani. Picha ya eksirei ipigwe magoti yote mawili, mgonjwa akiwa amesimama. Iandikwe pia asichoweza kufanya: kuchuchumaa chooni, kupalilia alizeti, kupiga magoti kanisani. Na daktari aseme wazi kama anaona jeraha la zamani limechangia.

Wakati rufaa inasubiriwa, goti litunzwe. Mzee akae kitini, anyooshe mguu, ahesabu hadi tano, aushushe; arudie mara kumi, asubuhi na jioni. Mkongojo ushikwe kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Asinunue ovyo vidonge vya diklofenaki dukani: huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo.

Vijana, msindikizeni babu ofisini na mumsomee barua zake. Anachodai si sadaka. Ni haki yake, na ikicheleweshwa mno atakwenda nayo kaburini.