Taa za Pwani na Ngano ya Kibagabaga

Usiku, mtu asimamaye juu ya kilima cha Kibagabaga huona taa nyingi: za hospitali, za barabara iendayo Kimironko, za nyumba zilizotapakaa katika vilima vya Gasabo. Hakuna hata moja iliyowashwa kwa ajili ya baharia. Bahari iko mbali. Kutoka Kigali hadi bandari ya Dar es Salaam kwa njia ya Rusumo ni karibu kilomita 1,500, na hadi Mombasa ni zaidi ya hapo. Hata hivyo, ngano ya mkate unaoliwa Kibagabaga asubuhi, mafuta ya kupikia, vitambaa vya sare za shule na vipuri vya magari, mara nyingi vimepita usiku mbele ya mnara wa taa kabla ya kupakiwa katika lori.

Tena ziko jamaa ambazo bahari imeingia nyumbani mwao kwa mlango mwingine. Tangu Julai 2021, Rwanda ilipopeleka wanajeshi na polisi katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, majina ya Palma na Mocímboa da Praia yamekuwa yakitajwa mezani kama yatajwavyo majina ya mitaa ya jirani. Jimbo lenyewe limepewa jina la rasi, na mabaharia wameitumia rasi hiyo kama alama ya njia kwa karne nyingi. Askari aliyekulia milimani akipangiwa zamu ufukweni huona mambo mapya mengi. Moja ni kwamba taa ya baharini inayowaka na kuzimika haijaharibika. Inasema.

Maana kila mnara una mwendo wake wa kuwaka. Mmoja humweka mara moja na kunyamaza kwa sekunde kadhaa. Wa pili humweka mara mbili mbili. Wa tatu huwaka kwa muda mrefu kisha ukazima kidogo. Mwendo huo huandikwa katika ramani ya bahari. Nahodha aonapo mwanga gizani huhesabu sekunde kwa saa yake, akatazama ramani, akajua kwa hakika mnara gani uko mbele yake. Minara yote ingewaka bila kuzima, isingekuwa na faida kubwa zaidi ya moto wa wavuvi.

Lugha ya Kiswahili imelihifadhi jambo hili tangu zamani, ingawa wasemaji wengi hawaligundui. Neno mnara limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni mahali pa moto au mwanga. Shina lake ndilo lililozaa neno nuru. Basi mtu asemapo mnara wa taa, ni kana kwamba ametaja mwanga mara mbili. Wale waliosoma Kifaransa watakumbuka neno phare, ambalo limetokana na Pharos, kisiwa kidogo mbele ya mji wa Iskandaria, Misri, palipojengwa mnara mkubwa katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Mnara ule ulidumu zaidi ya miaka elfu moja na mia tano, ukabomolewa na matetemeko ya ardhi. Msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1326 akaukuta upande mmoja umeanguka. Aliporudi mwaka 1349 ulikuwa umeharibika hata haikuwezekana kuuingia. Katikati ya safari hizo mbili, mnamo mwaka 1331, alipita Mombasa na Kilwa, pwani ambayo haikuwa na mnara wa namna ile hata mmoja.

Waswahili walisafirije basi? Walitumia nyota, rangi ya maji, upepo wa kaskazi na wa kusi, na alama za nchi kavu: mbuyu mkubwa, kilima, msikiti mweupe. Mvuvi mpaka leo huoanisha alama mbili za nchi kavu ili ajue mwamba uko wapi. Na desturi kubwa kuliko zote ilikuwa kutokuingia bandarini usiku. Nahodha mwenye busara alishusha nanga nje akangoja kupambazuke. Desturi hiyo ilifaa kwa jahazi linalongoja msimu wa upepo; meli ya moshi, ambayo kila saa ya kukawia ni makaa na fedha, haikuweza kungoja.

Ndiyo maana minara ilikuja pamoja na moshi. Mbali kusini, katika kisiwa kidogo cha Goa mbele ya Kisiwa cha Msumbiji, Wareno walijenga mnara mwaka 1876. Huko Unguja, Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alikuwa mtu wa kupenda vitu vipya. Mbele ya jumba lake la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, ulisimama mnara wenye taa na saa, ukitazama gatini. Haukuishi sana. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga majumba ya Sultani kwa muda usiofika saa moja, na mnara ukaharibiwa pamoja na sehemu kubwa ya majumba yale. Mwaka 1897 saa ilipewa mnara mpya ulioshikamana na Beit al-Ajaib lenyewe. Mnara huo nao ulianguka Desemba 2020, sehemu ya mbele ya jumba ilipoporomoka. Kwa hiyo anayetafuta leo mnara wa Barghash ataupata katika picha za zamani tu.

Minara iliyodumu ni ile iliyowekwa mbali na siasa za mjini, juu ya miamba. Kaskazini mwa Unguja uko wa Ras Nungwi, na mahali pale watu wamepaita Mnarani kwa sababu hiyo. Pemba uko wa Ras Kigomasha, mnara wa chuma uliosimamishwa mwaka 1900. Na kilomita 12 hivi kusini mwa mji wa Unguja uko wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904, ambao historia yake ni nzuri kuliko yote.

Mwanzoni taa ya mnara ilikuwa kazi ya mtu. Mlinzi aliishi kisiwani na jamaa yake, akachukua maji kwa hesabu, akapanda ngazi kila jioni kuwasha taa na kila alfajiri kuizima na kusafisha kioo. Mkewe alipika kwa chakula kilicholetwa kwa mashua, na mashua isipofika kwa sababu ya kusi, walikula walichokuwa nacho. Palijengwa hata msikiti mdogo. Mwanga wa utambi mmoja ulifika mbali kwa sababu ya kioo tu. Mfaransa Augustin Fresnel alionyesha mwaka 1823, katika mnara wa Cordouan, kwamba pete za kioo zilizopangwa kwa pembe maalumu huweza kukusanya mwanga unaopotea huku na huku na kuurusha upande mmoja.

Mwaka 1926 taa ya Chumbe ikageuzwa kuwaka kwa gesi. Gesi hiyo, asetilini, wazee wanaifahamu bila kujua jina lake: ndiyo iliyotoka katika kabidi ikinyunyiziwa maji, na neno karabai limetokana na kabidi hiyo. Aliyeifanya gesi iweze kutumika minarani ni Gustaf Dalén wa Sweden. Alibuni kifaa kisicho na saa wala mtu wa kukiangalia. Ndani yake mna fimbo moja nyeusi na nyingine zinazong'aa. Jua likichomoza, ile nyeusi hupata joto zaidi, ikarefuka kidogo, ikaziba njia ya gesi, na taa ikazima. Jua likitua fimbo hunywea, gesi hupita, taa huwaka. Siku ya mawingu mazito taa huwaka hata mchana, na ndivyo itakiwavyo. Mwaka 1912 Dalén alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo. Mwaka huohuo, kabla ya tuzo, mtungi wa gesi ulimlipukia katika majaribio akapofuka macho yote mawili. Aliendelea kuongoza kampuni yake mpaka alipofariki mwaka 1937, mtu asiyeona akiwapa wengine mwanga wa kuona njia.

Upande wa bara, minara ya kwanza ni ya Wajerumani. Kule Mafia, Ras Mkumbi, mnara ulijengwa mwaka 1892. Katika kisiwa cha Fanjove, karibu na Songosongo, mwaka 1894. Msomaji wa Kigali afadhali auangalie vizuri mwaka huo. Ndio mwaka ambao Gustav Adolf von Götzen aliingia Rwanda na kuonana na Mwami Kigeli Rwabugiri. Mkono uliosimamisha mnara Fanjove na mkono uliokuja kuidai Rwanda ulikuwa mmoja, na Wajerumani waliviweka vyote katika himaya moja waliyoiita Afrika Mashariki ya Kijerumani. Si haki kusema minara ilijengwa kwa huruma ya kuwaokoa wavuvi. Ilijengwa ili meli za mkoloni zisivunjike.

Vita vilipokuja, mwanga ule uligeuka kuwa hatari, kwa kuwa taa haichagui rafiki. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mikono ya mto Rufiji. Waingereza waliiteka Mafia mwaka 1915 wakarusha ndege kutoka hapo kuitafuta, na Julai mwaka huo ikaangamia. Mizinga yake ilitolewa ikapelekwa bara, mmoja ukawekwa katika meli ya Ziwa Tanganyika iliyoitwa Götzen. Meli hiyo ndiyo Liemba ijulikanayo leo.

Hapana budi kueleza pia kwa nini mnara hupandishwa juu. Dunia ni mviringo. Mwanga ulio mita 25 juu ya maji hauonekani na mtu aliye usawa wa bahari akipita kilomita 19 hivi, hata uwe mkali namna gani. Kama bahari ingefika chini ya Kibagabaga, ambako vilima vinapita mita 1,500, taa kali ya kule juu ingeweza kuonekana umbali wa kilomita 140. Kilima kizuri, ila bahari ndiyo iliyokosekana.

Kwa watu wa pwani mnara si wa mabaharia peke yao. Huko Mombasa, pale Ras Serani kando ya barabara ya Mama Ngina, watu hupeleka watoto jioni karibu na mnara wa taa wakala muhogo wa kukaanga uliotiwa ndimu na pilipili, wakanywa madafu, na kutazama meli kubwa zikiingia Kilindini karibu kiasi cha kuona mabaharia wakitembea. Meli zile haziingii kwa mnara mmoja tu. Katika njia za bandari huwekwa taa mbili, moja chini na nyingine nyuma yake juu zaidi. Zikionekana zimesimama mstari mmoja, meli iko katikati ya maji ya kina. Zikiachana, imekwenda kombo. Na hapo rubani wa bandari huwa amekwisha kupanda.

Lakini isidhaniwe kwamba taa huokoa kila kitu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, katika mkondo wa Nungwi. Mwaka mmoja haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Ajali mbili, karibu na minara miwili. Ya kwanza ilikuwa imebeba watu kupita kiasi ilichoruhusiwa, na mamia kwa mamia wakafa. Ya pili ilikutwa na upepo mkali wa kusi. Wavuvi wa Nungwi walitoka na vyombo vyao gizani, na askari wa KMKM wakaokoa waliowapata. Mnara humwambia nahodha mwamba uko wapi. Haumhesabii abiria gatini. Kazi hiyo ni ya mtu mwenye karatasi na kalamu, na mara nyingine ni ya askari polisi aliyesimama langoni na kuombwa alegeze kidogo.

Siku hizi taa nyingi huwaka kwa umeme wa jua na hazihitaji mlinzi wa kupanda ngazi. Chumbe ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Nyumba ya mlinzi iliyokuwa gofu imetengenezwa kuwa mahali pa wageni na masomo, wanafunzi wa Unguja hupelekwa kuona matumbawe, na baadhi ya waliokuwa wavuvi wamefundishwa kuwa walinzi wa hifadhi. Wako wasemao kwamba minara yote ingefaa iachwe, kwa kuwa meli husoma mahali zilipo kwa setilaiti. Hoja hiyo ina udhaifu. Katika miaka ya karibuni mawimbi ya setilaiti yamevurugwa mara nyingi katika Bahari ya Shamu na Ghuba, njia ambazo meli za kuja kwetu hupita, na nahodha akajikuta chombo chake kinaonyesha kwamba yuko nchi kavu. Mashua ya mvuvi wa Fanjove, aghalabu, haina chombo hicho kabisa.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni taa iliyomo katika ramani lakini haiwaki. Palipo giza tangu zamani, nahodha hujihadhari. Palipoandikwa kwamba pana mwanga, yeye huutafuta, na asipouona hudhani bado yuko mbali, akaendelea mbele. Kwa sababu hiyo, taa ya mnara ikizimika hutolewa taarifa kwa redio kwa meli zote zilizo katika eneo hilo, kwa jina la mnara na mahali ulipo, na taarifa hurudiwa mpaka fundi afike kwa mashua na kuiwasha.