Tukisifu Garimoshi, Tuwakumbuke Waliochimba Njia

Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Methali hiyo ilinijia katika mjadala wa chama chetu, hoja ikiwa kwamba mashine ndiyo iliyoleta maendeleo duniani. Waliounga mkono walitoa mfano wa garimoshi, wakalisifu mpaka ukumbi ukatetemeka kwa makofi. Mimi nilikuwa upande wa upinzani, na tulishindwa vibaya sana. Lakini kushindwa kwa kura si kukosa haki. Naomba nafasi hii niseme yale ambayo kengele ilinikata nikiwa bado sijayasema.

Mfano wangu ni wa mbali, nchi ya Ecuador huko Amerika ya Kusini. Nimeuchagua makusudi, kwa sababu kama kuna mahali garimoshi lilistahili sifa, ni pale. Na ikiwa hata pale mashine haikutosha, basi wenzangu wafikiri tena.

Ecuador imepasuliwa na milima ya Andes. Bandari ya Guayaquil iko chini, kwenye joto na mbu. Mji mkuu, Quito, uko juu kabisa, zaidi ya mita 2,800 kutoka usawa wa bahari. Kabla ya reli, mtu alisafiri karibu wiki mbili kwa nyumbu, na mvua ikinyesha njia ilikuwa tope tupu. Ujenzi ulianza miaka ya 1870 wakati wa Rais Gabriel García Moreno, lakini ukakwama huko huko tambarare. Mwaka 1897 serikali ya Rais Eloy Alfaro ilifanya mkataba na Mmarekani Archer Harman. Tarehe 25 Juni 1908 treni ya kwanza ikaingia Quito. Wiki mbili zikawa siku mbili!

Reli yenyewe ilikuwa nyembamba, milimita 1,067 tu kutoka chuma hadi chuma. Kuna wanaocheka reli nyembamba eti ni ya maskini. Hapo nawapinga. Njia nyembamba huweza kupinda kona kali, kwa hivyo huuzunguka mlima badala ya kuupasua, na gharama hupungua. Injini nyingi zilitoka kiwanda cha Baldwin huko Philadelphia, kiwanda kile kile kilichotengeneza baadhi ya injini za mwanzo za Reli ya Uganda iliyopita hapa kwetu. Zilikuwa na magurudumu madogo manane ya kusukuma, yameunganishwa kwa vyuma. Gurudumu dogo halina mbio lakini lina nguvu ya kuvuta. Mahali pengine zilipanda mita 55 kwa kila mita 1,000, na reli ikilowa dereva alimwaga mchanga mbele ya magurudumu yasiteleze. Kituo cha Urbina kiko mita 3,609. Si mchezo.

Sasa njoo tuone mlima uitwao Nariz del Diablo, yaani Pua la Shetani. Hapo bonde la mto Chanchán ni jembamba na mwamba umesimama kama ukuta. Hakukuwa na nafasi hata ya kuzungusha kona. Wakafanya hivi: treni inapanda mbele mpaka mwisho wa njia, inasimama, njia inabadilishwa, halafu inapanda kinyumenyume mpaka mwisho mwingine, kisha inaenda mbele tena. Kama mtu anayepanda ngazi, safari moja uso mbele, safari nyingine mgongo mbele.

Ni nani aliyeuchonga ukuta huo? Je, ni injini? La hasha! Injini haikuweza kufika hapo kabla ya njia kuwepo. Walichonga watu, kwa sururu na baruti. Maelfu ya vibarua waliletwa kwa meli kutoka Jamaika, watu weusi, wajukuu wa watumwa, wakafanya kazi pamoja na wenyeji wa Ecuador. Wengi walikufa kwa malaria, homa ya manjano, baruti na mawe yaliyoporomoka. Kila injini ya Baldwin ilitoka kiwandani na kibao chenye jina la kiwanda, namba yake na mwaka. Chuma kilipewa jina na tarehe ya kuzaliwa. Wangapi kati ya waliolala kando ya njia ile walipewa hata hilo?

Wenzangu watasema, "Bila injini, sururu zingefaa nini?" Ni swali zuri na ninakubali sehemu yake. Binadamu hawezi kubeba mgongoni mzigo wa treni nzima. Lakini mashine ni mkono mrefu tu. Lazima kuwe na bega. Hata baada ya kujengwa, reli ile haikuacha kudai watu wa kuondoa vifusi na kushika breki kwenye mteremko. Mvua za El Niño za miaka ya 1997 na 1998 ziliharibu sehemu kubwa ya njia. Ikatengenezwa tena kwa ajili ya watalii, kisha mwaka 2020 serikali ikatangaza kulifunga shirika la reli. Mashine haijitengenezi.

Na mashine haina shukrani wala huruma. Mwezi wa Januari 1912 Alfaro alikamatwa Guayaquil, akapelekwa Quito kwa treni, kwenye reli ile ile aliyoipigania. Tarehe 28 umati ukamuua gerezani na kuichoma maiti yake. Garimoshi hubeba yeyote, kwenda popote. Wema ama ubaya ni wetu sisi.

Msidhani haya ni ya huko tu. Reli ya Uganda ilileta vibarua zaidi ya 31,000 kutoka India, na karibu 2,500 walikufa, mbali na Waafrika waliofanya kazi humo. Simba wa Tsavo wa mwaka 1898 tunawajua wote, hata mtoto wa darasa la nne atakusimulia. Jamani, simba wawili wana sifa kuliko watu elfu mbili na mia tano!

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Tukisifu garimoshi, tulisifu, linastahili. Lakini tukiulizwa nani alijenga reli, tusiandike jina la rais ama mkandarasi peke yake. Tuongeze mstari mmoja wa wale waliochimba. Labda mtihani hautatupa alama kwa mstari huo, lakini ndio wenye ukweli.

Wenzangu wa upande wa pili, mlishinda kura. Karibuni muhula ujao turudiane.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu