Kijiko Kimoja, Kituo Kimoja
Kila Januari barabara za mitaa yetu hujaa wakimbiaji wapya, na kabla ya Februari kwisha wengi wamekwisha kutundika raba. Kinachowaangusha si uvivu. Ni kutaka kubadili maisha yote kwa siku moja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano, nawe unaweza kuianza kwa kushuka daladala kituo kimoja kabla ya chako, asubuhi na jioni. Mezani nako ni vivyo hivyo. Mwenye kutia vijiko vitatu vya sukari kwenye chai aanze na viwili na nusu, kisha viwili, ulimi huzoea. Ugali usiuache, bali punguza matonge machache, uongeze mchicha na maharage. Chumvi nayo iwe chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo usiiongeze chakula kikiwa mezani. Ndugu msomaji, chagua badiliko moja leo, lishike mwezi mzima, ndipo uongeze la pili.