Wakikuuliza asili yako, nawe waulize

Kama wakaa Bombolulu, huenda ushakutana nao. Vitambulisho shingoni, tableti mkononi, tabasamu kubwa. Wakukuta maskani, wakuomba dakika ishirini tu. Maswali yaanza pole pole: umri, kazi, dini, kabila. Kisha laja lile zito: je, ushawahi kubaguliwa kwa sababu ya rangi au asili yako? Wajibu haraka haraka, watumiwa kredo ya mia, mwaagana. Wao wenda zao, nawe warudi kwa kahawa yako.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa hiyo tableti. Niliacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kunishinda, na kibarua cha kwanza nilichopata kilikuwa hicho cha kukusanya data. Waliotuajiri siwataji. Malipo yalikuwa kwa siku, na chakula cha mchana juu yao. Kwa mtu aliyekuwa akidaiwa hadi na mama wa mahamri, kazi kama hiyo huulizi maswali mengi. Na hapo ndipo nilipokosea.

Walinituma Frere Town, hapo jirani yetu. Wengi wetu twashuka Kengeleni kila siku bila kujiuliza kengele yenyewe ni ya nani. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha hapo makao ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Baadhi yao walikuwa wametekwa wakiwa watoto, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza, wakalelewa India, kisha wakarudishwa huku. Kengele ile ilipigwa kuwaonya watu kwamba wafanyabiashara wa watumwa wanakuja. Vizazi vya watu hao wapo mpaka leo. Ni majirani zetu, twapanda nao matatu moja.

Basi nikafika kwa bibi mmoja. Alinikaribisha vizuri, akaniita mjukuu wangu, akanipa kiti. Palikuwa na wajukuu wake wawili, na fundi aliyekuwa akitengeneza mlango. Mimi nikafungua tableti nikaanza kusoma kama kasuku. Swali la kumi na kitu liliuliza kama katika familia yake kuna waliokuwa watumwa. Nikalisoma kwa sauti, mbele ya wote.

Bibi alinyamaza. Fundi akasimamisha nyundo. Mwishowe bibi akasema, "Andika upendavyo, mjukuu wangu." Nikaandika "hakujibu", nikaenda nyumba ya pili.

Wiki iliyofuata nilikutana na mmoja wa wale wajukuu. Akaniambia kwamba siku hizi vijana wa mtaa humwita "mtumwa" wakimtania. Neno hilo mtaani halikuwepo. Mimi ndiye niliyelipeleka, ndani ya utafiti uliosema wapiga vita ubaguzi.

Nakusimulia haya ili uone jambo moja: swali kuhusu asili ya mtu laweza kumjeruhi hata kama anayeuliza ana nia safi. Wewe huulizwa maswali hayo, na wakati mwingine wewe ndiye muulizaji. Kwa hivyo yakuhusu mara mbili.

Pwani hii yetu ina historia ndefu ya kuulizwa "wewe ni nani" na mtu ambaye ashapanga majibu tayari. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu mafungu: Mzungu, Mhindi, Mwarabu, Mwafrika. Fungu lako liliamua mshahara, shule na haki zako mbele ya serikali. Matokeo yake ni nini? Kuna ndugu wa nyumba moja ambao mmoja aliandikwa Mwarabu na mwingine Mswahili. Damu ni ile ile, ila jibu lilikuwa na bei. Sasa mtafiti akija leo akachukua takwimu zile kama ukweli mtupu wa nani alikuwa nani, kapotea. Zile namba zaonyesha pia watu walikuwa wakitafuta nini.

Hata majina. Vitabu vya zamani viliwaita jirani zetu "Wanyika", watu wa porini, jina walilopachikwa na wengine. Jina Mijikenda lilishika katika miaka ya 1940, wenyewe walipolichukua kuwa lao. Fikiria ni kurasa ngapi za utafiti ziliandikwa kuwahusu watu kwa jina ambalo kwao ni tusi.

Sasa tuje karibu na leo. Hapo Mtwapa, barabara hii hii ya Malindi, kuna magofu ya mji wa kale. Machi 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya Waswahili kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, pamoja na mji mmoja wa bara, kati ya miaka ya 1250 na 1800. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya, na David Reich wa Harvard. Waligundua kwamba wengi wa watu hao walikuwa na asili mbili: upande wa kina mama hasa Waafrika, na upande wa kina baba wengi kutoka Asia, zaidi Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000.

Wajua kilichofuata mtandaoni? Kila mtu aling'oa kipande chake. Huyu alisema, "Mwaona, sisi ni Waajemi." Yule akasema, "Mwaona, nyinyi ni Waafrika kama sisi." Wachache walitulia wakauliza swali la maana: hayo makaburi yalikuwa ya nani? Mengi yalikuwa ya wenye nacho, watu waliozikwa kwa heshima mjini. Mvuvi, mkulima na mtumwa wa zama hizo hatuwaoni vizuri humo. Watafiti wenyewe walilieleza hilo. Kwa hivyo utafiti ule ni mzuri, lakini haumwambii kijana wa Kisauni leo kama yeye ni Mswahili wa kweli au wa kubandikwa. Vinasaba vitakwambia nani alimzaa nani. Lugha uliyolelewa nayo na watu wanaokuzika, hayo hayamo kwenye mfupa.

Kuna watakaosema: basi tuache kabisa kuulizana kabila na rangi, sote ni Wakenya. Yapendeza masikioni, ila mimi sikubali. Waulize Wamakonde wa Kwale. Walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, wakaishi hapa miongo mingi bila vitambulisho, kwa sababu kwenye vitabu vya serikali hawakuwepo. Ilibidi mwaka 2016 watembee kwa miguu kuelekea Nairobi ndipo watambuliwe, na sasa wahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Pwani nao walisubiri hadi 2023. Kwa watu hawa, kutohesabiwa ndiko kulikokuwa ubaguzi wenyewe. Na mwajiri au mwenye nyumba anayekukataa kwa nywele zako au jina lako atafurahi sana tukiacha kuuliza, maana hatutakuwa na ushahidi wowote.

Kwa hivyo utafiti twautaka. Tusichotaka ni utafiti wa kuingia na viatu. Na wewe una nguvu kuliko unavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yaihesabu rangi yako na asili yako ya kikabila kuwa taarifa nyeti. Katiba, kifungu cha 27, yakataza kukubagua kwa hayo. Na mtu anayefanya utafiti nchini anatakiwa awe na leseni ya NACOSTI. Haya si mambo ya mawakili. Ni yako, hapo hapo maskani.

Mara nyingine wakija, nawe uliza. Leseni iko wapi? Nani analipia kazi hii? Jina langu litaandikwa? Majibu yangu yatawekwa wapi na kwa muda gani? Nikibadili mawazo kesho nimpigie nani? Na mkimaliza, mtarudi kutuambia mlichokipata? Mtafiti mzuri atafurahi ukimuuliza. Akikasirika, mrudishie mia yake.

Na wewe mwenye simu na tripodi unayewahoji watu barabarani, usijifiche nyuma ya neno "kontenti". Ukimsimamisha msichana stejini ukamuuliza, "Wewe ni chotara ama?", halafu ukapandisha video bila ruhusa yake, umefanya nilichofanya Frere Town, ila wewe umekifanya mbele ya watu elfu kumi. Muulize kando kwanza. Muache ajiite mwenyewe jina alitakalo. Mwonyeshe video kabla hujaipandisha, na akisema futa, futa. Wenye maduka, mawakala wa nyumba na waajiri wanaochagua watu kwa rangi, nao wahoji pia. Mbona sikuzote twamuuliza aliyebaguliwa, na anayebagua hatumuulizi?

Mimi nilirudi kwa yule bibi. Nilichukua mkate wa mayai, maana mikono mitupu niliona haya. Nikamwambia, "Bibi, nisamehe, niliuliza vibaya." Hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Na ile karatasi yangu iko wapi sasa?"

Sikuwa na jibu. Majibu yake yalikuwa yashapanda kwenye mtandao, yakaenda ofisi ambayo sijawahi kuiona. Nilipiga simu kwa msimamizi wangu mara tatu kuomba yafutwe. Mara ya tatu akaniambia yatashughulikiwa, na sikuitwa tena kazini.

Bibi, baada ya chai, alinisimulia mwenyewe habari za babu yake, bila tableti wala swali. Ilichukua saa mbili. Nilipomuuliza kama naweza kuziandika, alisema hapana, hizo ni za wajukuu. Kwa hivyo hutazisoma hapa.