Binti Yetu Kilimani Edinburgh
Desemba iliyopita binti yetu anayesoma Uskoti alitupigia simu usiku, akicheka huku meno yakigongana kwa baridi. Siku hiyo alikuwa ametembelea mji wa Edinburgh peke yake. Ngome aliitazama kwa nje tu, kwani kiingilio ni kikubwa kwa mfuko wa mwanafunzi. Jumba la Makumbusho la Taifa halina kiingilio, basi akakaa humo mpaka saa nane. Hapo ndipo alipokosea.

Kisha akashuka barabara ya Royal Mile hadi Holyrood, akaanza kupanda Arthur's Seat, volkano iliyozimika zamani sana. Ni mita 251 tu. Sisi wa chini ya Kilimanjaro tungekicheka kilima hicho. Lakini huko mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri! Kileleni upepo nusura umwangushe, na chini taa za mji zilikwisha kuwaka. Aliteremka gizani juu ya mawe yenye utelezi, akiwafuata mtu na mkewe waliokuwa na tochi.

Tulitaka kumgombeza, ila baba yake alikwisha kuichukua simu, anamwuliza kama amekula.