Usifute Kache Kila Simu Ikikohoa

Leo nina neno na mafundi wa simu, wale wenye dawa moja kwa kila ugonjwa. Simu nzito? Futa kache. Tovuti haifunguki? Futa kache. Ukiwa Nairobi kwenye waifai ya ofisi ushauri huo haukugharimu kitu. Ukiwa Lafey unalipa mwenyewe.

Kwa wasioijua, Lafey iko kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Somalia. Watu wengi huko hupata intaneti kupitia simu, kwa bando la kununua, na milingoti ya mawasiliano katika kaunti hiyo imelipuliwa na Al-Shabaab zaidi ya mara moja. Mtandao ukirudi baada ya siku kadhaa, kila mtu anautaka kwa wakati mmoja. Kwa hiyo data iliyokwisha kuingia kwenye simu ni mali, kama maji yaliyomo birikani.

Sasa kuna sababu mpya ya kuitunza. Tangu Chrome 130, mwaka 2024, kivinjari kinaweza kuweka faili la zamani la tovuti kama kamusi ya kubania faili jipya. (Kamusi, lakini si ile ya TUKI!) Seva inaliwekea faili alama ya Use-As-Dictionary. Ukirudi wiki ijayo, kivinjari kinaiambia seva kuwa faili lile kinalo, na kinatuma alama yake ya utambulisho. Seva inabana toleo jipya kwa kulitazama lile la zamani, na kinachosafiri ni kama tofauti tu. Tuseme programu ya tovuti ina kilobaiti 400 na mtengenezaji kabadilisha mistari kumi. Bila kamusi utapakua faili zima, hata kama limebanwa. Ukiwa na kamusi huenda ukapakua kilobaiti chache sana. Utaratibu huu ulichapishwa rasmi Septemba 2025 kama RFC 9842.

Wazo lenyewe ni la kale. Google walilitia kwenye Chrome mwaka 2008 kwa jina SDCH, Firefox na Safari hawakulifuata, na likang'olewa 2017. Kabla ya kung'olewa zilikuwa zimekuja hofu za usalama: shambulio la CRIME mwaka 2012 na BREACH mwaka 2013 yalionyesha kwamba mtu anaweza kukisia siri kwa kupima tu ukubwa wa data iliyobanwa. Ndiyo maana kamusi ya tovuti moja haiwezi kutumiwa na tovuti nyingine.

Hapo ndipo ninapogombana na mafundi. Ukibonyeza futa, kamusi zote zinakwenda na maji, na ziara inayofuata utalipia kila kitu upya. Kama tovuti moja ndiyo inayosumbua, ingia kwenye mipangilio ya Chrome ufute data ya tovuti hiyo peke yake. Itabidi uingize nywila tena hapo, basi.

Wapo wanaotaka kamusi zibaki hata mtu akifuta vidakuzi. Mimi sikubaliani nao, ingawa natetea bando. Alama ya kamusi inaweza kugeuzwa namba ya kumfuata mtu, na mtu wa mpakani ana sababu zake za kutotaka kufuatwa. Akiamua kufuta nyayo zake, zifutike kweli. Ninachodai ni kivinjari kimwambie wazi, kabla hajabonyeza, kwamba atapakua upya na kwa bando lake.

Lakini lawama kubwa ni yetu sisi waandishi wa programu. Kamusi hudumu kwa muda ule ule faili linaoruhusiwa kukaa kwenye kache. Ukiweka saa moja, kwa sababu hapo ofisini unaburudisha ukurasa kila dakika, mtu anayepata mtandao mara moja kwa wiki hatafaidi chochote. Weka siku 30, hata 90. Faili likibadilika mpe jina jipya, na la zamani liendelee kuwa kamusi. Kazi hii ni ya mchana mmoja.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Brotli, njia ya kubana ambayo Google waliitoa 2015 na ambayo vivinjari vyote vikubwa vinaielewa, imebeba kamusi yake ndani: maneno na vipande 13,504, vya Kiingereza, Kihispania, Kichina, Kihindi, Kirusi na Kiarabu, pamoja na vipande vya HTML na JavaScript. Kiswahili hakimo. Kisomali, lugha ya nyumbani ya watu wengi wa Lafey, hakimo pia. Kwa ukurasa mrefu tofauti ni ndogo, maana Brotli hujifunza maneno njiani. Kwa ukurasa mfupi, kama tangazo la basari au la zahanati, maneno yetu yanasafiri mazito kuliko ya Mwingereza.

Zamani tungelalamika tu. Sasa RFC 9842 inaruhusu tovuti kutengeneza kamusi yake yenyewe, faili dogo ambalo kivinjari hupakua mara moja kikiwa hakina kazi. Chukua kurasa 200 za tovuti yako, toa maneno na vipande vinavyojirudia, "serikali ya kaunti", "tarehe ya mwisho", kichwa cha ukurasa na menyu, uviweke humo. Tovuti za kaunti zina maelfu ya kurasa zenye mifupa ile ile, na zingeanza kesho bila kuomba ruhusa ya mtu. Nami natengeneza ya Kisomali na Kiswahili pamoja. Ikikamilika nitaiweka hapa muichukue bure.